Aliyefungwa Ainuke

Mathe wa game, mama mwenye kibanda cha michezo ya video hapa kwetu mtaani Kaptembwo, hakuwahi kushika pad ya kuchezea ila kuipangusa. Kila tukimaliza mechi alizipitishia zote mbili pamba yenye spiriti, kitufe kwa kitufe, kama anayemnawisha mtoto uso, halafu akarudi kwa sweta aliyokuwa akifuma. Skrini hakuitazama. Mabao aliyajua kwa kelele zetu, na mechi ikiisha alitangaza, "Aliyefungwa ainuke!" Hata uwe jitu namna gani, uliinuka, ukaenda mwisho wa benchi kungoja zamu yako tena.

Kisha kukafunguliwa ukumbi wa game huko tao, katikati ya mji, skrini kama ukuta, na watu wakapungua benchini. Jumamosi moja nilimkuta peke yake, pad zinang'aa.

"Wenzako wako wapi?"

"Wanakuja, mathe," nikadanganya.

Akaweka sweta chini. "Basi keti. Leo nitacheza na wewe."

Aliishika pad kama sufuria ya moto. Kipindi cha pili timu zikabadilishana upande, yeye hakujua. Akaukimbiza mpira hadi golini mwake mwenyewe, akafunga, akapiga makofi. "Umeona hiyo?"

"Nimeona, mathe. Hiyo ni noma!"

Mechi ikaisha. Akayasoma matokeo polepole, akacheka kidogo. "Aliyefungwa ainuke," akasema. Akaipangusa pad, akaiacha kitini, akaenda kuketi mwisho wa benchi kungoja zamu yake, na mbele yake hakukuwa na mtu.