Marudio ya Profesa Maganga

Profesa Maganga alichoka kabla ya kustaafu. Nasema mimi niliyembebea vifaa vya maabara miaka kumi na tisa. Mtoto huyu wa wafugaji wa Mhunze aliumaliza ujana wake chuo kikuu akitafuta jibu la swali moja: mtambo utajirekebishaje wenyewe kabla mtu hajaumia? Akaandika makala arobaini. Wachimbaji wa Mwakitolyo hawakusoma hata moja, na siwalaumu.

Mwaka wake wa mwisho alitaka jambo moja tu: kifaa chake kimlinde japo mtu mmoja kwenye tangi moja la kuchenjulia dhahabu. Sayanaidi, sumu inayoyeyusha dhahabu humo, ikikosa chokaa hutoa hewa inayoua. Alitamani mashine inayoongeza chokaa yenyewe, lakini umeme wa kukatikakatika ukamshinda. Akabakiza kipimo chenye namba, na mtu wa kukisoma. Maelekezo aliyatunga mwenyewe kwa Kiswahili, akajisifu wiki nzima: “Kila saa angalia marudio. Yakishuka, ongeza chokaa.” Kwake, marudio ni taarifa inayorudi kutoka kwenye tangi, yaani ile namba ya kipimo.

Wiki ya tatu tangu tukifunge kipimo Mwakitolyo, tukapigiwa simu. Nelly, mwendeshaji wa zamu, ameanguka kando ya tangi. Tulimkuta zahanati, hai, sauti imekauka.

“Shikamoo, Profesa.”

“Marahaba, mayu,” Profesa akamwita mama kwa Kisukuma. “Pole sana. Hukuangalia marudio?”

“Niliangalia, baba. Kila saa. Hayakushuka hata kidogo.”

“Uliyaangalia wapi?”

Akanyoosha kidole dirishani, kwenye rundo la mchanga uliokwisha kuchenjuliwa, unaongoja kurudiwa. Hayo ndiyo marudio. Machimboni kote hakuna asiyeyajua.

Profesa alikaa kwenye benchi. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia. Akatoa kalamu na karatasi ya maelekezo.

“Wewe ungeandikaje, mayu?”

“Andika tu ‘angalia namba’, baba.”

Akafuta neno lake, akaandika la Nelly. Kisha akanigeukia, macho yamechoka kabisa.

“Wewe ndiye uliyechapa maelekezo haya. Na umekulia Runzewe, kwenye machimbo. Hukulijua neno hili?”

Kuuliza si ujinga, tunawaambia wanafunzi kila mwaka. Nilipolichapa neno lile mkono wangu ulisita, nikajiambia profesa hawezi kukosea.

“Nililijua, mzee,” nikasema.