Upinde wa Baba Mkwe

Jamani, kuna aibu ambazo mtu huzificha mpaka akaingia nazo kaburini, na hii yangu ningeificha vizuri sana kama isingeshuhudiwa na ukoo mzima wa mke wangu, majirani zao wa Vitengeni, na punda wawili. Basi afadhali niisimulie mwenyewe, maana nikimwachia shangazi yangu, yeye huongeza chumvi na kuparuka mahali nilipofanya vizuri (ni mahali pamoja tu, lakini papo).

Mimi ni fundi seremala. Karakana yetu iko Kakuyuni, tuko wawili, mimi na mwenzangu Karisa, na kazi yetu ni vitanda, milango na viti vya kanisa. Mambo ya pinde niliyaingia kwa bahati tu, hoteli moja ya ufuoni kule Malindi iliniita nikawatengenezee vibao vya wageni kulenga shabaha, na hapo ndipo nilipoziona pinde za kigeni, zina kishikio kinene kilichochongwa, kila kidole kimewekewa nafasi yake, na ubavuni mwa kishikio kuna kirafu kidogo, mshale unalala pale umetulia tuli. Nilisimama nikazitazama mpaka askari wa geti akaja kuniuliza kama nimepoteza kitu.

Wakati huo nilikuwa namchumbia Kadzo, na siku ya wazee wetu kwenda kwao Vitengeni kupanga tarehe ya harusi ilikuwa inakaribia. Kadzo akanidokeza kwamba baba yake, Mzee Charo, alikuwa na upinde wake tangu ujana, mchwa wakaula wote hukohuko darini, na mpaka leo anausikitikia kuliko ng'ombe aliyemfia mwaka uleule.

"Mtengenezee mwingine kama ule," akaniambia. "Wa kawaida. Baba hababaiki na vitu. Yeye anamtazama mtu kama anasikia anapoambiwa, na kama hasikii, hata waje wazee wa Kakuyuni nzima, mimi atanikalisha hapa nyumbani."

Nikamwambia nimesikia.

(Sikusikia.)

Mti haukuwa shida, nilipata mkone mzuri ulionyooka. Shida ilikuwa pale katikati, pa kushika. Upinde wa kwetu, kama hujawahi kuushika, hauna kishikio cha kuongezwa, ni mti uleule tu, umelainishwa, ukazungushiwa ukanda wa ngozi, basi. Karisa, ambaye babu yake alikuwa akichonga pinde, aliniambia nikomee hapohapo. "Ukiuacha mtupu hauna upande," akasema. "Kila mtu anaushika anavyojua mwenyewe. Ukishamchongea vidole na kirafu, umeshamchagulia mtu namna ya kusimama."

Nami nikamjibu kwamba ndiyo maana mpaka leo wateja wa babu yake wanakalia vigoda.

Nilichukua kipande cha mbambakofi kilichobaki kwenye mlango wa mtu, nikakigandisha kwa gundi ya bei mbaya, nikakibana kwenye jiriwa siku mbili, kisha nikakichonga kwa patasi, tupa, msasa, nikakipaka vanishi mara tatu. Kipimo kilikuwa mkono wangu mwenyewe. Wa kushoto nimeshika upinde, wa kulia navuta upote ule, ile kamba yake, vidole vinaingia kila kimoja mahali pake, na mshale umelala kwenye kirafu chake upande wa kushoto. Nikaona kweli Mungu akikupa mikono amekupa. Kadzo sikumwonyesha, nilitaka washangae pamoja, yeye na baba yake. Na walishangaa.

Siku ikafika, Jumamosi. Shangazi ndiye aliyekuwa msemaji wetu (wazee wa kiume walikuwapo, lakini akiwapo shangazi wao huitikia tu), na njia nzima alikuwa akinihubiria sentensi moja. "Wewe Kazungu, leo kazi yako ni kukaa na kunyamaza. Bwana harusi hasemi. Anasemewa." Nilikuwa nimevaa suruali ya rangi ya maziwa na koti la kuazima, upinde nimeupakata, umefungwa kanga mpya. Nikasema ndiyo shangazi.

Tulipokelewa vizuri mno. Tukaamkuana, shikamoo, marahaba, Mzee Charo akatupa mkono mmoja mmoja, mkono wa kulia, kwa utaratibu, hata wale wadogo. Tukala wali na kuku wa nazi, mzee ananikatia mapaja ya kuku kwa mkono uleule wa kulia na kunirundikia, mimi najiona nimeshakuwa mwana. Nayasema haya ili mjue kwamba nilikuwa na macho na niliyatumia. Nilimwona mzee akisalimia na akila. Nilichokuwa sijakiona ni kitu kimoja tu, sijawahi kumwona akifanya kazi.

Baada ya kula, shangazi akatoa zawadi, doti za kanga kwa mama, blanketi, kisha upinde. Mzee aliupokea kwa mikono miwili, akaifungua kanga. Akapitisha kidole juu ya ule mkone, nikaona kabisa macho yake yamelainika, na laiti ulimi wangu ungekufa ganzi dakika ile, mkasa huu usingekuwapo. Mzee akasema atautia mshale mmoja kuuonja. Ng'ambo ya uwanja kulikuwa na mgomba ulioanguka, watu wote wakasogea nyuma yake, akapewa mshale wa ncha ya chuma katika ile aliyosalia nayo.

Akaushika upinde kwa mkono wa kulia. Nikaona vile vidole nilivyochonga vinamsukuma kiganja. Akatafuta mahali pa kulaza mshale, hakuna, upande wake ni nundu tupu ya mbambakofi inang'aa kwa vanishi. Akaugeuza upinde juu chini, kirafu kikaja upande wake lakini sasa kinatazama ardhini, mshale ukaanguka. Akaugeuza tena. Watu wanamtazama, heshima imewajaa. Nami, badala ya kujiuliza kwa nini mtu aliyeshika upinde miaka hamsini anahangaika, nikainuka kwenye kiti.

Shangazi alinivuta koti. Koti lilikuwa la kuazima, likanivuka bega moja, mimi nikaendelea mbele na bega la pili.

"Baba, samahani, umeushika vibaya," nikasema, tena kwa sauti ya kusikika, maana nilitaka ndugu wa nyuma nao wafaidike. "Upinde huu ni wa kisasa, hauwezi kukuchanganya, hata mtoto anauweza. Mkono huu unashika, huu unavuta." Na hapo, wenzangu, nikamshika mzee wa watu mikono, mbele ya mkewe na wakwe na majirani, nikamhamisha upinde kutoka mkono huu kwenda huu kama ninayepanga vikombe kabatini.

Akanitazama. Hakukasirika, ingekuwa heri angekasirika. "Kwa hiyo unataka nivute kwa huu, mwanangu?"

"Ndiyo, baba. Ndivyo unavyotaka wenyewe."

"Haya. Nimeambiwa, nimesikia," akasema, akavuta kwa mkono wa kulia.

Mgomba ulikuwa mbele yetu. Mshale ulikwenda kushoto, ukaambaa ukuta wa jiko, ukajikita kwenye tangi la maji, tangi kuukuu la plastiki lililochakaa kwa jua, ambalo wale punda wawili walikuwa wamelijaza kutwa nzima ya jana yake kwa ajili yetu sisi wageni. Ukasimama pale unatetemeka, na maji hayakutoka hata tone. Mama yake Kadzo akasema taratibu, "Uacheni hapohapo, umejiziba wenyewe."

Lakini mimi nilikuwa nimeshakimbia. Nilikuwa na haraka ya kurekebisha mambo, mnajua ile haraka, nikaushika mshale kwa mikono miwili, nikauchomoa.

Maji yalinipiga hapa mbele, chini ya mkanda, suruali ya rangi ya maziwa ikabadilika rangi mahali ambapo mtu mzima hataki ibadilike. Nikaziba kwa kiganja, yakapita. Nikatia kidole gumba, kikaingia, yakasita. Nikatulia hapo nimelikumbatia tangi la ukweni, nikajua kwamba siwezi kuondoka, kwa sababu nikiondoka maji ya familia nzima yanakwenda zake, na bwawa liko mbali, na punda wale walikuwa wakinitazama.

Sasa sikieni. Wazee hawakuahirisha mazungumzo. Walirudi vitini, wakaanza kunijadili mimi nikiwa palepale hatua kumi, gumba ndani ya tangi, nasikia kila neno na siwezi kusema lolote. Shangazi alianza kwa kuomba radhi, na aliomba radhi kwa ufundi mkubwa sana, alinieleza tangu utotoni. Nilikuwa naona namkosa Kadzo hivihivi, kwa kipande cha mlango wa mtu.

Kadzo akaja na ndoo, akajifanya anakinga.

"Kwani hukujua baba ni mashoto?" akaninong'oneza.

"Amenisalimia kwa kulia. Amekula kwa kulia."

"Ulitaka akusalimie kwa kushoto, uwaambie watu kwetu hatuna adabu? Kula na kusalimia alifundishwa kwa fimbo. Kulima, kukata kuni, kutupa mshale, hakuna aliyemfundisha."

"Hukuniambia."

"Nilikwambia wa kawaida. Wa kawaida hauna shoto."

Nikageuza shingo nikamtazama mzee. Alikuwa ameagiza panga, amekaa kwenye kigoda (ndiyo, kigoda), na panga limo mkononi mwa kushoto, linakwenda lenyewe. Akapiga pigo moja tu pale nilipogandisha, na ile gundi yangu ya bei mbaya ikaachia, kishikio chote na vidole vyake na kirafu chake kikaruka mchangani. Akaukwangua mti ukawa laini, akaukata mkanda wake wa kiunoni akauzungushia ngozi. Kisha akakiokota kile kipande cha mbambakofi, akakichonga kwa kisu taratibu kikawa kama kizibo cha chupa, akakifunga kitambaa, akaja nacho mpaka tangini.

"Toa kidole," akasema. Nikatoa. Akakipigilia kizibo kwa kitako cha panga, maji yakakatika kabisa. Akafuta mkono wake wa kushoto kwenye nguo, akanionyesha. "Mkono huu haupokei zawadi, mwanangu. Lakini kazi zote za nyumba hii ndio uliofanya."

Nikasema, "Nisamehe, baba." Hayo ndiyo maneno pekee ya maana niliyosema siku ile, na hapo ndipo mahali pamoja nilipofanya vizuri.

Akarudi uwanjani, akaushika upinde mtupu kwa kulia, akavuta kwa kushoto, mshale ukazama kwenye mgomba mpaka katikati. Akina mama wakapiga vigelegele. Mzee akauangalia upinde wote, juu mpaka chini, akasema mti nimeuchagua vizuri. Kisha akawageukia wazee.

"Huyu kijana, asubuhi watu walinitia wasiwasi, waliniambia anasema sana," akasema. "Lakini nimemwangalia. Amesimama pale karibu saa nzima, maji yanamtiririka, anasemwa, na hakuondoa kidole. Pangeni tarehe."

Tukapanga. Shangazi alilia, halafu akanifinya.

Kizibo kipo mpaka leo. Nikienda ukweni kuteka maji nakikuta pale, kimevimba, kimekaza, kazi yangu pekee ya mbambakofi ambayo haijawahi kulalamikiwa. Nami nimeapa, kwanza, ukweni sisimami mpaka nisimamishwe. Na pili, hakuna mbao nitakayoigusa kabla sijamuuliza mteja jambo moja, simuulizi anakula kwa mkono gani, nauliza anakata kuni kwa mkono gani. Juzi alikuja mama mmoja, nikamkaribisha, nikamuuliza. Akanitazama, akamtazama Karisa.

"Fundi," akasema, "mimi nimekuja kutaka kitanda."

Karisa akamwambia amjibu tu, ni historia ndefu.