Mkaa wa Mifupa na Maji ya Ba

Katika kazi ya maji hakuna kitu kingeweza kunishangaza. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia watu, na sikuwa natania. Shule niliiachia darasa la sita, lakini pampu ya kisima kirefu niliweza kuujua ugonjwa wake kwa mlio tu, nikiwa nyuma ya ukuta.

Siku ya kwanza kazini, karakana ya Barabara ya Kirinyaga, bosi wangu Harishbhai aliniwekea glasi mbili mezani. "Gani safi?" Nikazitazama kwenye mwanga, nikachagua iliyong'aa. Akacheka mpaka miwani ikamwanguka. "Hiyo ya mtaro, kijana! Mimi nimechuja na kitambaa. Macho yako najua nini?" Kisha akanifundisha klorini, dawa ya kuua vijidudu: unavyoipima, na unavyongoja nusu saa kabla mtu hajanywa.

Nilifanya kazi miaka tisa chini yake, nikishusha pampu visimani kuanzia Woodley mpaka Kinoo. Halafu, kwenye miaka ya elfu mbili na kitu, nikachimba kisima changu mwenyewe Uthiru. Mimi, mtoto wa kibarua! Majirani walijaza mitungi langoni, na kila Ijumaa lori langu lilipeleka maji Westlands, nyumbani kwa Harishbhai, maana mifereji yao ilikuwa imekauka. Bosi ananunua kwangu. Hebu fikiria.

Miaka michache baadaye jirani yangu Mama Wanjiku akaja akimvuta binti yake.

"Fungua mdomo, aone."

Meno mapya ya mtoto yalikuwa na mistari ya kahawia.

"Ni haya maji yako."

"Mama, chemsha."

"Nachemsha kila siku!"

"Basi chemsha zaidi."

Nikaongeza klorini. Maji yakanuka kama wodi, na watoto wengine wakaota meno yale yale. Sikuelewa kitu. Maji yalikuwa baridi, matamu, meupe pe.

Afisa wa afya, mama mpole asiye na haraka, alikuja kupima. "Hapa hakuna mdudu," akasema. "Hii ni floraidi, madini ya mwamba wenyewe. Ukichemsha, maji yanapungua, yenyewe inabaki."

"Na mimi nimewaambia wachemshe zaidi."

"Umewaambia waizidishe, mzee."

Nilikaa juu ya tangi nusu siku. Kisha nikamwomba anifundishe. Unachoma mifupa ya ng'ombe kwenye tanuru lenye hewa kidogo mpaka iwe mkaa, unaisaga iwe kama chenga za mchele, unapitisha maji humo polepole, na floraidi inanasa. Mifupa nilitoa machinjioni Dagoretti. Ya kwanza haikuungua vizuri, maji yakatoka na harufu ya supu. Ya pili, afisa akapima, akapima tena, akanipa mkono.

Nikapeleka maji hayo Westlands Ijumaa tatu mfululizo. Nikamwita mchoraji pia. Ijumaa ya nne lori lilifika na herufi nyekundu ubavuni: MAJI YA KISASA, YAMECHUJWA KWA MIFUPA YA NG'OMBE.

Mlango ulifunguliwa na Ba, ndivyo walivyomwita mama yake Harishbhai, bibi wa miaka themanini ambaye hajaonja nyama maisha yake. Akasoma polepole, kidole hewani.

"Ng'ombe gani?"

"Wa Dagoretti, Ba," nikajibu kifua mbele. "Mifupa halisi!"

Akaketi kwenye ngazi. Kila asubuhi maji yale alikuwa akiyaweka mbele ya miungu yake.

Harishbhai alitoka. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Miaka tisa unakula kwetu. Umeona mfupa?"

"Lakini bosi, afisa amepima. Ni safi!"

"Safi ya nani?"

Maji yaliyomfaa Ba yaliharibu meno ya binti wa Mama Wanjiku. Yaliyomfaa mtoto yalimchafua Ba. Mkaa wa Uthiru sikuugusa. Kwa ajili ya Westlands nikaweka tangi lingine lenye mchujo wa chembe nyeupe za alumina, madini yanayonasa floraidi bila mfupa, kutoka ng'ambo, nikafuta maandishi kwenye lori, nikasugua matangi ya Harishbhai kwa mikono yangu.

Nikarudi na glasi. Nikamwambia Ba kila kitu ambacho maji yalipitia.

"Hakuna mnyama?"

"Hakuna, Ba."

"Kunywa wewe."

Nikanywa, nikamjazia yake. Akaitazama kwenye mwanga kama nilivyofanya mimi siku ile ya kwanza, akatembea mpaka kwenye mrehani, mmea mtakatifu anaouombea kila asubuhi, akaumwagilia maji yote. Akanirudishia glasi tupu, akaingia ndani.

"Amenisamehe?" nikamuuliza Harishbhai.

"Mimi najua? Jaza tangi."

Siku hizi nimestaafu, kisima anakiendesha mwanangu. Vijana wakiniuliza maji safi ni yapi, nawaambia waanze kwa kumuuliza anayekunywa, zaidi ya hapo bado sijui. Bei tu ndiyo ninayoijua. Chembe, tangi na rangi ya lori vilinigharimu shilingi laki moja na elfu themanini na saba, mia nne na hamsini.