Kidari cha Baba

Asubuhi ya kipaimara cha binti wa kaka yangu niliamka na hasira hata kabla ya chai. Nilikuwa jikoni kwangu Moshono naponda ndizi, na baba alikuwa sebuleni ndani ya suti, fimbo katikati ya magoti, akisubiri kupelekwa kwenye nyama. Hakusema hivyo. Lakini huyu ni mtu ambaye suti humfanya alalamike siku nzima, na asubuhi hiyo alikuwa akipiga mluzi. Mimi si mtoto.

Baba ana gauti. Krismasi ya mwaka juzi alikula mbuzi siku tatu mfululizo, na siku ya nne kidole gumba cha mguu kikavimba na kuwa chekundu, hata shuka likimgusa anapiga kelele. Nilimkuta koridoni akienda chooni kwa magoti. Baba yangu, aliyekuwa akibeba gunia la kahawa peke yake kutoka shambani. Aliniambia nigeuke nisimtazame. Niligeuka nikalia huku nimeuelekea ukuta.

Daktari alimwambia waziwazi kwamba figo zimeanza kuguswa: nyama nyekundu basi, pombe ya ndizi basi. Nikamtoa mlimani nikamleta kwangu. Ili asijione anaonewa, nikaapa mbele yake kwamba na mimi nyama nimeacha.

"Tutakula mboga wote," nikamwambia.

"Anayekula majani ni mbuzi," akajibu. "Mimi namla huyo mbuzi."

Miezi ya mwanzo ilikuwa vita. Nilijidai mpishi, kumbe nilichojua ni nyama tu, mboga nilikuwa nazichemsha ili zisijisikie zimesahauliwa. Ikabidi nijifunze ukubwani. Maharage nikawa nayaloweka tangu jana yake na maji yale nayamwaga. Kitunguu, ambacho zamani nilikikaanga kama nakimbizwa, nikakiachia moto mdogo mpaka kiwe cha kahawia, kisha nyanya, nazo nazisubiri mpaka mafuta yajitenge, ndipo maharage yanaingia. Hapo mchuzi unapata ule uzito ambao watu hudhani lazima utoke kwenye mfupa. Mnafu nikauchemsha kwanza, nikamwaga maji yake ya uchungu, nikaumalizia kwa karanga za kukaanga na kusaga. Siku ya mnafu ule baba alifuta sahani kwa tonge la mwisho la ugali, kisha akasema chumvi imezidi. Nilikwenda kucheka jikoni kwa furaha.

Kwa hiyo nyumbani nilikuwa nimeshinda. Nilichoogopa ni sherehe.

Kwetu, mbuzi wa sherehe akichinjwa, kidari ni cha mkubwa wa ukoo. Kinachomwa, kinaletwa mbele yake, anakata kipande, na mpaka kipande hicho kiliwe hakuna anayegusa sahani. Asipokipokea kinakwenda kwa mdogo wake, na kikishakwenda hakirudi tena, wala ukubwa wenyewe haurudi. Nayajua haya tangu utoto. Hata hivyo, juma moja kabla ya kipaimara nilishika simu nikampigia baba mdogo.

"Shikamoo baba mdogo. Naomba baba asipewe kidari, daktari amekataza."

"Marahaba mwanangu. Usijali, nitakipokea mimi."

Alijibu upesi mno, kama mtu aliyekuwa na jibu mfukoni. Nilipokata simu nikaelewa nilichofanya. Nilikuwa nimekitoa kiti cha baba yangu bila kumuuliza, na sikuwa na ujasiri wa kumwambia.

Ndiyo maana asubuhi ile nilipika loshoro, chakula alicholelewa nacho. Nilijipaka mafuta mikononi nikamenya ndizi mshale, nikazichemsha pamoja na mahindi ya kukoboa yaliyokwisha kuiva, nikaponda. Kisha nikasubiri zipoe kidogo kabla ya kumimina maziwa ya mgando, maana ukiyamimina zikiwa za moto yanakatika. Nikafunga hotpoti kwa kitenge, nikaipakata njia nzima hadi kituo cha Maji ya Chai na kupanda mlimani. Baba aliitazama mara moja tu.

Baada ya ibada tukakaa chini ya turubai nyumbani kwa kaka. Kidari kikaja kwenye sinia, mafuta bado yanachemka juu yake. Baba mdogo akasimama.

"Ndugu zangu, kaka yangu nyama amekatazwa. Binti yake alinipigia simu. Kwa hiyo leo…"

Baba akageuza shingo akanitazama. Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa na miaka arobaini na tatu na nilikuwa nimejibanza nyuma ya hotpoti kama mtoto.

"Lete hapa," akasema.

Sinia likasogezwa. Akachukua kisu, akakata kipande kinene chenye mafuta pembeni, akakiinua mpaka puani.

"Baba!" Ilinitoka kwa sauti, mbele ya mchungaji na wageni wote.

Alikinusa kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa naiona ile korido, naona magoti yake kwenye sakafu, na nilimchukia baba mdogo, na daktari, na mbuzi mwenyewe. Hotpoti ilikuwa bado mikononi mwangu, nimeikumbatia.

"Njoo hapa, mama," akaniita.

Nikaiweka chini nikaenda.

"Huyu ndiye anayeamua ninachokula," akawaambia watu. "Basi leo atanilia yeye kidari hiki. Mkubwa akiamua nani amlie, nani atabisha?"

Baba mdogo akakaa.

"Baba, mimi niliapa," nikanong'ona.

"Uliniapia mimi. Nimekufungulia. Kula."

Kipande hicho hakijawahi kuwekwa kinywani mwa mwanamke katika ukoo wetu. Nilikipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa cha moto, kigumu, kimejaa moshi na chumvi, na mdomo wangu ulikuwa umesahau kazi hiyo. Nilitafuna, watu sitini wakiniangalia koo, machozi yananitiririka. Nilipomeza, shangazi mmoja akapiga kigelegele, na sahani zikaanza kulia kila upande.

"Sasa nifungulie hiyo hotpoti," baba akasema. "Nina njaa."

Alikula loshoro sahani mbili. Akasema chumvi imepungua.

Wakati wa kurudi baba aliiweka fimbo katikati ya magoti, tukashuka mpaka tukaifikia lami.

"Ungeniambia kuhusu ile simu," akasema.

"Nisamehe, baba."

Akatikisa kichwa. Kisha akasema, taratibu, akitazama nje ya dirisha:

"Nilitaka kukila, unajua."

"Najua, baba."

"Kilikuwa kitamu?"

Ningeweza kusema kilikuwa kigumu, au kimeungua. Lakini mwaka mzima nilikuwa nimemnyima mengi, na huu sasa ungekuwa wizi.

"Kitamu sana, baba."

Akaegemeza kichwa kwenye kiti, akafumba macho.

"Nieleze," akasema.

Nikamweleza, kuanzia mafuta ya juu hadi kwenye mfupa, polepole, mpaka tukafika Moshono.