Kulungu Aliyetoka Saskatchewan

Hjalmar Bergson aliendesha greda la barabara huku kwetu Arborg kwa miaka thelathini na moja, na sidhani kama kuna aliyeona kulungu wakifa kwa karibu kuliko yeye. Miaka mitatu mfululizo, kila baridi ilipoingia, theluji ilijaa mpaka kifuani mwa farasi. Kulungu wakashindwa kutembea msituni. Wakaja kwenye barabara alizozisafisha Hjalmar, wakasimama humo, kuta za theluji kulia na kushoto. Mbweha nao wakaijua njia hiyo hiyo. Asubuhi Hjalmar aliwakuta, mmoja hapa, wawili kule, mbavu zimetokeza. Alishuka, akawashika miguu, akawavuta pembeni, akapanda tena.

"Mimi ndiye niliyewafungulia mbweha mlango, Disa," aliniambia siku moja. Mimi ni mtunza maktaba wa hapa, na jirani yake.

"Ungeacha kusafisha, basi la shule lingepita wapi?"

"Ndiyo hivyo," akasema. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

Maneno alikuwa nayo shemeji yake. Orest Hnatiuk, aliyemuoa Solrun, dada yake Hjalmar, angeweza kubishana na kisima. Wawili hao walikuwa wamewinda pamoja kila Novemba kwa miaka arobaini, kwenye msitu ulio nyuma ya shamba la Orest. Ilipotangazwa kwamba kulungu wa eneo letu wamepungua mno na hakutakuwa na msimu wa kuwinda, Orest alizunguka mji mzima akilalamika kana kwamba amefiwa. Hjalmar aliitikia kwa kichwa tu. Yeye alishawahesabu kule barabarani.

Mpango wa kwenda jimbo la jirani ulipangwa Machi, jikoni kwa Solrun. Nilikuwepo. Tulikuwa tunakula pyrohy, yale maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani, na ramani imetandazwa mezani, bakuli la vitunguu vya kukaanga likiishikilia isijikunje.

"Saskatchewan," Orest alisema, akigonga ramani kwa uma. "Yule mkulima wako, Mmenoni yule aliyekuuzia vipuri, Froese, si alisema shamba lake liko wazi kwa wawindaji?"

"Wendell Froese. Alisema."

"Basi! Kulungu wa kule wananenepa kwa ngano. Si kama hawa wetu wa kutafuna magome."

Solrun alikuwa kwenye jiko, ametugeuzia mgongo. "Wa kwenu wamekwisha, sasa mnakwenda kuwamaliza wa wenzenu."

"Hatuendi kumaliza, mama. Tunakwenda kuwapunguzia mzigo."

"Na wewe kaka," akamgeukia Hjalmar, "safari hii ulenge kulungu. Mwaka ule ulilenga mti, na mti wenyewe ukaukosa."

Hjalmar alitabasamu. Tangu baridi iingie sikuwa nimemwona akitabasamu.

Watu wa majimbo mengine hupata vibali vya kule kwa bahati nasibu, na maombi hufanywa kwa kompyuta. Hjalmar akaja maktabani, kofia mkononi, nikakaa naye kujaza. Tukafika penye swali: unaomba peke yako, au pamoja na kikundi?

"Kikundi gani?" akauliza. "Sisi ni watu wawili tu. Orest atajaza yake nyumbani, Solrun atamsaidia."

"Basi peke yako?"

"Peke yangu."

Nikabonyeza. Ningesoma yale maandishi madogo ya chini, ningejua kwamba hata watu wawili ni kikundi, na kwamba wakiomba pamoja hupata pamoja au hukosa pamoja. Sikusoma. Ilikuwa karibu saa ya kufunga.

Juni majibu yakatoka. Hjalmar amepata. Orest amekosa.

Hjalmar akasema basi, haendi, kibali na kioze.

"Acha upumbavu," Orest akasema. "Nina miaka sabini na miwili. Nikingoja bahati yangu, utaniletea nyama makaburini. Nenda. Uniletee ule mnofu wa mgongoni, na usiulambe njiani."

Akaenda Novemba, peke yake, siku nzima barabarani. Wendell Froese alimpokea vizuri, akampa chumba na supu, akamwonyesha shamba. Jioni ya kwanza akamwambia, "Nisikufiche, ndugu yangu. Hata huku wamepungua. Mwanangu mwenyewe mwaka huu amekwenda kuwinda jimbo la Alberta."

Siku nne Hjalmar alikaa pembeni ya shamba lililovunwa, asione kitu ila kunguru. Siku ya tano, mchana kweupe, akatokea dume mmoja, pembe zake nzuri, akitembea polepole juu ya mabua ya ngano. Hjalmar aliniambia kwamba yule dume alimtazama na wala hakushtuka. Alisimama tu, kichwa kimeinama kidogo, kama anayetafuta neno.

"Nilidhani ni bahati," alisema.

Alimpiga kwa risasi moja. Yeye na Wendell wakamchuna, wakatenga nyama kulekule, maana ubongo na uti wa mgongo haviruhusiwi kuvuka mpaka wa jimbo. Kichwa akakiacha kipimwe kama kina ugonjwa. Akaambiwa majibu huchukua wiki kadhaa, na kwamba ni vizuri nyama isiliwe kabla hayajatoka.

Hayo yote alimweleza Orest, neno kwa neno, alipokuwa anashusha visanduku kutoka kwenye pikapu. Solrun hakuwepo, alikuwa kanisani akisaidia kuandaa mazishi ya mtu.

"Wiki kadhaa?" Orest akasema. "Mwaka mzima nimekula kuku, mimi." Akachukua mnofu, akaukata vipande, akautia kwenye kikaango na siagi na vitunguu.

"Subiri, shemeji."

"Nisubiri nini? Kulungu huyu amekula ngano safi kuliko mimi. Kaa chini. Vua kofia."

Hjalmar hakukaa wala hakuvua kofia. Orest akala vipande vinne, macho yamefumbwa, mafuta yakimtiririka kidevuni, akisema nyama kama hiyo haijapata kutokea. Baadaye Hjalmar aliniuliza mara nyingi: "Ningemnyang'anya sahani? Mtu mzima, nyumbani kwake?"

Majibu yalikuja Januari. Nilimsomea mimi, kwenye kompyuta ile ile. Dume yule alikuwa na ugonjwa unaowala kulungu ubongo taratibu, mpaka wasahau hata kuogopa watu.

"Soma tena," Hjalmar akasema. Nikasoma tena.

Akapiga simu ofisi ya wanyamapori. Nilikuwa karibu, nikamsikia binti wa upande wa pili, sauti yake ya upole. Alisema hakuna binadamu anayejulikana kuupata ugonjwa huo. Hata hivyo nyama itupwe.

"Na aliyekwisha kula?"

"Hakuna cha kufanya, mzee."

"Hakuna dawa?"

"Hakuna dawa, na hakuna kipimo cha kumpima mtu aliye hai. Lakini pengine hakuna kilichompata. Asiwe na wasiwasi."

Daktari wetu naye akasema vivyo hivyo, akaongeza tu kwamba magonjwa ya aina hiyo huweza kujificha mwilini miaka mingi. Hjalmar akaenda kumwambia Orest mwenyewe, na mimi nikamsindikiza kwa sababu aliniomba.

Orest alicheka. "Nikianza kuota pembe, tafadhali unipige wewe, shemeji. Nitakuwa salama kabisa."

Solrun alitupa taulo mezani, akatoka kibarazani bila koti, kwenye baridi ile, akasimama huko mpaka Hjalmar akamfuata na blanketi. Nyama ikatiwa kwenye mifuko miwili miwili, na Hjalmar akaipeleka jalalani.

Sasa ni mwaka wa nne. Orest mzima. Analima viazi vyake, anatukana timu ya hoki, anapanda ngazi asizopaswa kupanda. Hajaomba kibali tena, wala Hjalmar, aliyestaafu na sasa anashinda kwa dada yake karibu kila siku.

Pasaka iliyopita tulikuwa wote mezani. Orest alikuwa anasimulia kisa cha padri wao wa zamani, akafika katikati, akakwama. "Yule... yule mrefu, wa gari la bluu... jina lake nani?" Akapiga vidole. "Limo mdomoni."

Wazee husahau majina. Mimi mwenyewe nasahau. Solrun akasema, "Padri Zenoviy," na Orest akasema, "Huyo huyo!" akaendelea na kisa, tukacheka.

Hjalmar alikuwa ameweka kijiko chini. Alikuwa anamtazama Orest mdomoni, neno baada ya neno, na hakukishika tena kile kijiko mpaka vyombo vikaondolewa.