Baba aliokoka, nami nikamshuku kwa sababu ya kitabu

Wakuu, salamu kwenu, hasa mliolelewa Eastlands ya Nairobi miaka ya sabini. Sitatia chumvi, ilivyokuwa inatosha.

Tuliishi Makongeni, chumba kimoja, mimi, mama na baba. Baba alikuwa fundi wa karakana, mlevi na mwepesi wa kupiga. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na tatu.

Pale soko la Gikomba nikapata novel ya science fiction, haina jalada, kurasa za mwisho zimeng'oka. Nahodha mkatili anaenda sayari ya mbali, anarudi mpole. Mkewe anashuku aliyerudi ni kiumbe kilichovaa sura ya mumewe. Mume anabisha hodi, mke anajiandaa kumpa test kabla ya kumfungulia, na kitabu kinaishia hapo. Niliudhika sana.

Mwezi huohuo baba akaokoka.

Alienda fellowship Jumapili, akarudi mtu mwingine. Pombe akaacha. Vikombe akaosha, wakuu, baba yangu mimi. Spana alizoiba kazini akazirudisha akitubu, kama walivyofanya waliookoka, na mama akalia akidhani baba atafutwa kazi. Majirani walimsifu. Mimi akinikaribia nilihama kiti.

Nikaamua kumjaribu, kama yule mke wa kitabuni. Sikio langu la kushoto halisikii. Nyumbani ilisemwa niliteleza penye mfereji. Baba ndiye aliyeutunga uongo huo, na mama akauzoea. Baba ninayemjua angekufa nao.

Siku moja akinywa chai nikamuuliza, "Baba, hili sikio liliumiaje?"

Akaweka kikombe chini. Mama akaacha kukoroga uji.

"Hukuteleza," akasema. "Ulimwaga chai, nikakupiga kofi. Nisamehe, mwanangu."

Niliogopa kuliko siku ya kofi lenyewe. Sasa nilikuwa na hakika huyu si baba. Sikumsamehe. Nilimchunga mwaka mzima, nikingoja yule wa zamani atokeze.

Kilichonimaliza ni kitu kidogo. Kila tukitembea pamoja, baba alihamia upande wangu wa kulia, ili nimsikie. Hakuwahi kusema kwa nini. Alifanya hivyo hadi miguu ilipomshinda, na kufikia hapo nilishamsamehe kitambo.

Funzo langu: aliyebadilika usimpime kwa machozi. Angalia anatembea upande gani wakati hakuna anayemsifu.

Nyinyi mlioishi na mtu wa aina hii, mlimchunga muda gani? Na mwenye kile kitabu kizima aniambie, yule mke alimfungulia mlango?