Karai la Waithaka

Huu ni mwaka wa tisa Waithaka wa Kabiria anamwagilia karai la udongo usioota kitu. Usicheke kwanza. Majirani walishacheka wakachoka, na mkewe, Wanjugu, ndiye aliyewatangulia.

Mambo yalianzia Spring Valley, alikokuwa akitunza bustani ya Mwalimu Everlyn, mama mstaafu aliyefundisha baiolojia maisha yake yote na hakuona sababu ya kuacha eti kwa kuwa wanafunzi wamekwisha. Siku moja alirudi kutoka kwa kaka yake Njabini, kule msitu unakoanzia, na mmea wa kutambaa wenye vijani vyembamba vilivyosongamana. Akauita likopodiamu. Ukoo wake, akasema, ulikuwapo duniani kabla ya ua la kwanza, na zamani hizo wengine wao walikuwa miti ya kufikia ghorofa ya kumi. Ndio hao waliogeuka makaa ya mawe. Tangu hapo Waithaka akauita Mzee.

Mzee alifia chunguni baada ya miezi miwili, kwa sababu hapendi kuhamishwa. Lakini aliacha unga wa manjano, ndio kama mbegu zake, laini kuliko poda ya mtoto. Mwalimu alimwonyesha: ukipaka kidole unga huo ukakitumbukiza majini, kinatoka kikavu. Wenye kutengeneza dawa waliupaka vidonge visigandane, na wapiga picha wa zamani waliuwasha kupata mwangaza. Hilo la mwisho Waithaka alitaka kulihakikisha mwenyewe, akarusha kijiko kizima juu ya jiko la makaa. Wiki hiyo alisimamia harusi ya shemeji yake bila nyusi. Wanjugu hajasahau, na picha ziko ukutani.

Unga uliobaki ndio uliopandwa karaini, katika udongo wa hukohuko Njabini, maana una kuvu fulani inayolisha kichanga cha mmea huo gizani, chini ya ardhi. "Ngoja miaka kumi," Mwalimu alisema. "Pengine kumi na mitano. Usiache udongo ukauke hata wiki moja. Na maji ya mfereji hapana, yana dawa ya kuua vijidudu. Ya mvua tu." Mwaka wa sita Mwalimu akafariki. Watoto wake walipouza nyumba walimwuliza Waithaka angependa kuchukua nini cha ukumbusho, akasema karai. Walidhani anaona haya.

Basi likaletwa Kabiria kwa bodaboda, likawekwa nyuma ya nyumba pamoja na mtungi wa maji ya mvua. Wanjugu alikuwa na kazi za maana za karai hilo. "Baba Hannah," angesema mbele ya wageni, "huyo mtoto wako anazaliwa lini?"

Januari hii Waithaka akalazwa hospitali moja huko mjini, apasuliwe ngiri. Siku nne alizoambiwa zikawa kumi na tisa, kidonda kilipotunga usaha. Nje jua lilikuwa linawaka kama limetumwa. Alilala pale akihesabu siku, na udongo ule ulimwuma kuliko kidonda. Ni kusema tu, mwagilia. Lakini utamwambiaje mke anayekuja kila siku kutoka Kabiria na chupa ya uji kwamba wewe unawaza udongo? Mara moja tu akajikaza, akauliza, "Karai liko?"

"Liko. Litaenda wapi?" Wanjugu akaendelea kumimina uji.

Alipotolewa, alipita nyuma ya nyumba kabla ya kuingia ndani, ameshika tumbo. Alijua atakachokuta. Akatia kidole. Udongo ulikuwa na unyevu.

"Mama Hannah, hapa kumenyesha?"

"Kidogo," Wanjugu akajibu kutoka jikoni.

Vumbi la uani lilikuwa limemfunika viatu. Waithaka akafungua mtungi wa maji ya mvua, ambao aliuacha umejaa pomoni. Yalibaki maji ya kikombe kimoja. Mfereji ulikuwa hatua mbili kutoka hapo.

Akakaa kwenye jiwe, machozi yakamtoka, akayaacha yatoke. Karaini hakukuwa kumeota kitu.

"Chai inapoa," Wanjugu akaita.

"Mwalimu alisema pengine kumi na mitano," Waithaka akasema.

"Najua alichosema. Ingia unywe chai."